Bustani Yenye Bango

Kiwavi alikuwa amejikunja katikati ya mboga, ameiva vizuri tu, hana habari na mtu. Daktari alimtazama, akarudisha tonge kwenye sahani, akamtazama tena.

"Mama Pacha, huyu nani?"

"Kiwavi."

"Naona ni kiwavi. Nauliza anafanya nini kwenye chakula changu."

"Ameshaiva huyo, atafanya nini tena? Msogeze pembeni, ule." Mkewe aliendelea kuwamenyea watoto machungwa, wala hakuinua uso.

Mwanamume mwingine angecheka, au angenuna kidogo yakaisha. Lakini huyu alikuwa muuza dawa za wadudu. Miaka nenda rudi alisimama nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo kando ya soko, akiwaambia wakulima dawa ipi inaua nini, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Daktari. Na kilichompa jina hasa si maneno, ni ndoo. Mteja akisitasita, akiuliza kama dawa haitamdhuru, Daktari habishani naye. Anamimina dawa kwenye ndoo ya maji, anakunja mkono wa shati, anatumbukiza mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko, anakoroga kama anayekoroga uji. "Hii inamjua mdudu tu," anasema huku akicheka. "Binadamu haimtambui kabisa!" Mteja naye anacheka, analipa, anaondoka na chupa yake.

Sasa kiwavi ndani ya nyumba ya mtu huyo! Tena wa kupikwa! Kama si dharau, ni nini?

Daktari hakula. Alijilaza na njaa yake, na shaka ikajilaza naye.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliingia bustanini. Ilikuwa mbele ya nyumba, kati ya kibaraza na barabara, na ukingoni pamesimamishwa bango la bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu: BUSTANI HII INATUNZWA KWA DAWA ZA DUKA LETU. Mwenye duka, ambaye mji mzima ulimwita Tajiri, ndiye aliyelileta. Kwa ajili ya bango hilo kila mwisho wa mwezi alimpa Daktari chupa ya dawa bure, apulizie bustani yake, wapita njia waone. Na waliona kweli. Mchicha ulijaa, kabichi zilifunga, nyanya zilielemea vijiti vyake, na wakulima walisimamisha baiskeli zao kutazama, kisha wakaenda moja kwa moja dukani.

Zamani Daktari alipuliza mwenyewe. Siku moja mkewe akamwambia, "Wewe unashinda na madawa huko dukani, hapa niachie mimi." Akaona amepata mke mwenye huruma, akamkabidhi bomba la kupulizia, akasahau.

Sasa aliinama, akanusa jani. Akanusa jingine. Hakukuwa na ile harufu anayoijua kuliko harufu ya nguo zake. Kulikuwa na kitunguu saumu. Kulikuwa na pilipili pia, maana alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Chini ya mimea palitandazwa nyasi kavu, na ndani ya nyasi palikuwa na majivu, maganda ya mayai na maganda ya ndizi. Juu ya majani vidudu vyekundu vyenye madoa vilikuwa vikitembea kwa raha zao kama wenye nyumba.

"Mama Pacha! Dawa ya mwezi huu iko wapi?"

"Imeisha," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Uliipuliza wapi?"

"Bustanini. Ulitaka niipulize wapi, kitandani?"

Mke wake alikuwa na ulimi, hilo alilijua tangu siku ya uchumba, lakini uongo hakuwahi kumwona nao. Na kama chupa haikuingia bustanini, imeingia wapi? Dawa ile ilikuwa bei mbaya. Wapo watu ambao wangeichukua hata kwa nusu, kwa mlango wa nyuma, bila kuuliza imetoka wapi. Alipomwona mkewe akitoka na maji ya kuosha vyombo na kuyaficha kwenye pipa kana kwamba ni mali, shaka yake ilizidi. Alitoka bila kuaga.

Dukani alikuta ameshatanguliwa. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilitazamana na bustani ya Daktari, alikuwa akitoka, na salamu yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Ukiona fundi baiskeli anakuuliza habari za watoto, wa shangazi na wa mjomba, ujue ameshakusema.

"Njoo hapa," Tajiri aliita. Wateja walikuwepo, wamejaa tele. "Nasikia kwako hakunuki dawa."

"Kwangu?"

"Kwako. Huyo aliyetoka hapa sasa hivi anasema hajamwona mkeo na bomba tangu masika. Anamwona na ndoo ya maganda. Sasa chupa zangu zinakwenda wapi, Daktari?"

"Zinapulizwa, Tajiri. Pengine yeye hakuwepo."

"Yeye yupo pale tangu jua linachomoza, hana pa kwenda. Fungua mkoba."

"Mkoba wangu?"

"Wangu unao wewe? Fungua."

Daktari alifungua mkoba mbele ya watu aliowafundisha kupima dawa kwa kifuniko. Ndani mlikuwa na bakuli la chakula na taulo ndogo. Tajiri alifunua bakuli, akanusa mboga, akarudishia kifuniko kwa vidole viwili. Mkulima mmoja alicheka, mwingine akamkanyaga mguu anyamaze. Daktari alihisi masikio yakimwaka moto kwa haya. Laiti ardhi ingepasuka.

"Jumamosi naleta wakulima kwako," Tajiri akasema. "Nitakuja na chupa mpya. Utakoroga mbele yao kama unavyokoroga siku zote, utapuliza, watanunua. Na mkeo atanitolea chupa tupu za miezi yote iliyopita. Chupa tupu tu, mimi sitaki makubwa. Zikiwepo, nitakuomba radhi mbele ya watu. Zisipokuwepo, nitajua mliziuza, na mwizi simweki dukani kwangu."

Daktari aliitikia. Alikuwa na watoto pacha, kodi ya nyumba, na kazi moja tu anayoijua duniani.

Ijumaa aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, akisema tumbo linamsokota. Tumbo lilikuwa zima. Alijibanza mwanzo wa barabara, akamwona mkewe akitoka na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akamfuata kwa mbali, akijificha nyuma ya nguzo na milango ya watu kama mdaiwa.

Mama Pacha alipita nyumba hii na ile, kila mahali akipewa kitu cha kutia kikapuni, akishukuru, akiendelea. Mwisho alikata kushoto, akaingia kwa mfuga kuku. Huyo alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye mabega mapana na cheko la kusikika mitaa miwili. Daktari alisimama nyuma ya rundo la matofali, roho mkononi.

"Daktari!" sauti ya mwanamke mpita njia ikamshtua. "Umepotea?"

"Hapana, naangalia matofali."

"Unajenga?"

"Nafikiria."

"Haya, Mungu akusaidie," akasema mwanamke yule, akaondoka huku akigeuka nyuma.

Na pale pale, mbele ya macho yake, Mama Pacha aliingiza mkono kikapuni, akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwenye karatasi, umbo la chupa haswa, akampa mfuga kuku. Mfuga kuku akakipokea kwa mikono miwili. Akasema neno, wote wawili wakacheka. Mkewe alicheka akirudisha kichwa nyuma, cheko ambalo Daktari hakulisikia nyumbani siku nyingi. Hakungoja kuona zaidi. Mwizi amempata, na pengine amempata na mwenzake.

Alimngoja kibarazani. Alipotokea na gunia begani, Daktari alikuwa amesimama kama askari.

"Umeuza kwa bei gani?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto! Nimekuona. Chupa umempa, ukamchekea, na gunia umepewa."

Mama Pacha alitua gunia chini. Vumbi la samadi liliruka. "Kumbe ulinifuata," akasema taratibu. "Mume wangu mimi, unanivizia kama mwizi wa kuku?"

"Jibu swali!"

"Ile ni maji ya pilipili na kitunguu saumu, na sabuni kidogo. Natengeneza mwenyewe. Majirani wananipa maganda, na yeye nampa apulizie mboga zake, ananipa samadi. Kama huamini, nenda kamwambie akupe unywe."

"Na kucheka?"

"Kucheka nako unalipisha kodi?" Akamshika mkono. "Njoo."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuni, akaondoa magogo, akafungua kufuli la sanduku la bati. Chupa zilikuwa zimejipanga humo, zote, za miezi yote, na hakuna hata moja iliyovunjwa lakiri.

Kwanza Daktari alishusha pumzi. Mke wake si mwizi, na wala hana mtu. Halafu aliona aibu, ikampanda mpaka shingoni. Halafu akamkumbuka Tajiri, na jasho likamtoka.

"Anataka chupa tupu," akasema. "Kesho. Tuzimwage basi, Mama Pacha, tuzimwage zote sasa hivi."

"Tuzimwage wapi? Mferejini, maji yanakopita kwenda kwa watu? Chooni, karibu na kisima? Niambie pa kumwaga, nimwage. Nimetafuta siku zote hizi sijapaona."

"Lakini ulikuwa na nini wewe? Kazi yangu ndiyo inayotulisha! Ungeniambia tu!"

"Ungenisikiliza?" mkewe akauliza. "Fumba macho."

"Sitaki michezo."

"Fumba macho, Baba Pacha."

Alifumba. Akasikia mkewe akigusagusa viganja vyake, kimoja kisha kingine, kwa mbali sana.

"Nimekuwekea kifungo na mbegu ya nyanya. Shika, uniambie ipi ni ipi."

Daktari alivisugua vidole vyake. Alisugua tena. "Hiki kifungo," akasema, akiinua kidogo mkono wa kulia.

"Fumbua."

Viganja vyote viwili vilikuwa vitupu. Kifungo kimoja kilikuwa chini kwenye vumbi, na mbegu haikuonekana kabisa. Alikuwa ameviangusha bila kujua.

"Kila asubuhi nakufunga vifungo vya shati," mkewe akasema. "Wewe ukajua ni mahaba."

"Kwani si mahaba?"

"Ni mahaba. Lakini nilianza siku ile nilipokukuta umesimama mbele ya kioo unahangaika na kifungo kimoja mpaka unakaribia kulia. Nikajua ni ile ndoo. Dukani siwezi kukuzuia. Lakini hapa nyumbani, kwenye chakula cha wanangu, niliapa haitaingia tena."

Daktari alikaa juu ya gogo. "Kesho nitakoroga," akasema mwishowe. "Mara moja tu, nikinge kazi. Baada ya hapo tutaona."

Mkewe alifunika sanduku, akaenda kuwaogesha watoto.

Alfajiri Daktari alirudi kibandani peke yake. Aliamua angemwaga tu, popote, Mungu atamsamehe. Akashika chupa ya kwanza, akazungusha kifuniko. Vidole viliteleza. Akajaribu kwa taulo, akajaribu kwa meno, akaogopa. Dukani chupa ya maonyesho hukaa wazi siku zote, hakuwa amefungua mpya kwa muda mrefu. Alikuwa bado anahangaika na kifuniko kile kile aliposikia gari la Tajiri likipiga honi barabarani.

Wakulima waliteremka, wanaume kwa wanawake, wakaizunguka bustani. Mbele kabisa alikuwa Mama Nyanya, mteja mkubwa wa duka, mwanamke mwenye shamba la nyanya na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Ona kabichi hizi, jamani! Daktari, unatufanyia uchawi!" Fundi baiskeli aliacha gurudumu la mtu likining'inia, akaja kuegemea ua. Mfuga kuku naye alisimama pembeni, mikono nyuma. Mama Pacha alikaa mlangoni, pacha wake kila mmoja upande wake.

Tajiri alifungua chupa mpya yeye mwenyewe, akamimina kwenye ndoo ya maji, akaisogeza karibu na bango. Harufu ikapanda. "Haya," akasema, "watu wanasema maneno mengi kuhusu dawa. Mimi sina maneno. Daktari, waonyeshe."

Daktari alikunja mkono wa shati. Hakumtazama mkewe. Alipiga moyo konde, akainama.

"Aa, leo nipishe mimi!" Mama Nyanya akadakia, akicheka, mkono wa gauni ameshaupandisha begani. "Mimi ndiye mwanafunzi wako. Kwangu nakoroga hivi hivi, siku zote, kama ulivyonifundisha!" Na mkono wake ukashuka kuelekea ndooni.

Daktari alimdaka. Alimvuta kwa nguvu zake zote, kwa namna ambayo mwanamume hamvuti mke wa watu mbele za watu. Mama Nyanya alipepesuka, mkono wake ukagonga ukingo wa bango, ndoo ikapinduka, maji meupe yakatiririka njiani, na watu wakaruka pembeni.

"Umeingiwa na nini wewe?" Tajiri akafoka.

"Asiiguse."

"Asiiguse kwa nini?"

Kila mtu alimtazama. "Inamdhuru mtu," Daktari akasema. "Mimi mwenyewe sina vidole, Tajiri. Ninavyo, lakini havisikii."

Tajiri alitabasamu, tabasamu la kuwaficha wateja, akamsogelea. "Ndiyo sababu umezusha vurugu," akanong'ona. "Chupa tupu huna. Umeziuza."

Sasa kulikuwa na njia mbili tu, na zote zilikuwa mbovu. Daktari alimgeukia mkewe. Mama Pacha alikuwa ameshasimama. Walikwenda pamoja nyuma ya nyumba, wakalikokota sanduku mpaka mbele ya watu, wakalifungua.

Tajiri aliinua chupa moja, akaitazama lakiri. Akainua nyingine, na nyingine. Uso wake ulianza kulegea, kwa sababu mali yake ilikuwepo yote. Kisha akageuka akaitazama ile mboga, akalitazama bango, na uso ukakazana upya.

"Kwa hiyo bustani hii..."

"Haijapulizwa hata tone," Mama Pacha akasema. "Ni samadi na pilipili."

"Kumbe si mwizi," Tajiri akamwambia Daktari kwa sauti ndogo. "Afadhali ungekuwa mwizi, ningekusamehe. Leta funguo za duka."

Daktari alizitoa mfukoni. Zilimponyoka, akainama kuziokota, zikamponyoka tena. Tajiri hakungoja. Aliziokota mwenyewe, akaingia garini, akawaacha wakulima wake pale pale.

Wala msidhani wakulima walimpigia Daktari makofi. Walimgeukia.

"Kwa hiyo nyinyi hamli, sisi ndio tule?" mmoja akauliza.

"Sikujua," Daktari akasema. "Nimejua jana."

"Jana! Mke anaficha chupa mwaka mzima, mume anajua jana! Unatuona wajinga?"

"Na pilipili yenu nayo mtatuuzia shilingi ngapi?" mwingine akadakia, akatema mate pembeni. "Mmepanga hii. Mmemtosa Tajiri ili mfungue duka lenu."

"Hakuna aliyepanga," Mama Pacha alianza, lakini hakusikilizwa. Hata mfuga kuku alipojaribu kusema neno aliambiwa anyamaze, naye ni mwenzao.

Aliyekuwa na hasira kuliko wote alikuwa Mama Nyanya. Alikuja mpaka usoni kwa Daktari. "Mimi nilikuamini wewe! Si Tajiri, wewe! Ulisema binadamu haimtambui. Nikawafundisha wanangu, nikamfundisha mama mkwe wangu, wote tunakoroga kwa mikono!" Kila neno alilisindikiza kwa mkono, akiupunga mbele ya pua yake, na matone mekundu yakawa yanaruka kwenye shati la Daktari, moja, jingine, jingine. Watu walianza kunyamaza mmoja mmoja.

"Mama," fundi baiskeli akasema kutoka pale alipoegemea ua. "Mkono wako."

"Mkono wangu una nini?"

Aliutazama. Bati la bango lilikuwa limempasua kutoka kwenye kidole gumba mpaka karibu na kifundo, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiwiko. Aliutazama muda mrefu, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha jirani.

"Nimeumia saa ngapi?" akauliza.

Daktari aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaubana kwa taulo lake, akaubana sana, bila kujua anabana kiasi gani. Mama Nyanya hakuuchomoa. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Alimsogelea karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimwuliza mambo yake pale kaunta.

"Daktari, mbona siumii?"